Hiace inayozimika njiani: pampu isiwe ya kwanza kufunguliwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wenye Toyota Hiace za dizeli, hasa za injini 3L na 5L. Gari ikizimika njiani, ikapumzishwa, ikawaka tena, gereji nyingi hukimbilia kuchomoa pampu ya dizeli na kuipeleka kupimwa. Hiyo ndiyo kazi ya gharama kubwa kuliko zote, na mara nyingi kosa halipo huko.

Dereva aulizwe kwanza: ilizimaje? Kama ilikata ghafla kana kwamba ufunguo umezungushwa, anza na umeme. Kama ilipoteza nguvu, ikakohoa ndipo ikazima, tafuta upepo (hewa), uchafu au maji kwenye dizeli.

Pampu hizi zina solenoidi ya kukata mafuta, yaani vali ya umeme inayofunga njia ya dizeli ikikosa umeme, na lazima ipate volti 12 muda wote injini inapofanya kazi. Funga balbu ndogo ya volti 12: waya mmoja kwenye kichwa cha solenoidi, wa pili kwenye chuma cha bodi ya gari, balbu ikae mbele ya dereva. Injini ikizima na balbu ikazima nayo, kagua swichi ya ufunguo, fyuzi na nyaya. Tikisa ufunguo injini ikinguruma uone kama itazima. Furushi la funguo zinazoning'inia hapo huila swichi polepole. Balbu ikibaki inawaka, chomoa waya wa solenoidi na kuurudisha. Usiposikia "tik", solenoidi yenyewe imekufa, pengine kwa joto.

Upepo ndio unaowachanganya wengi. Pampu ndiyo inayovuta dizeli kutoka tangini, kwa hiyo mpira uliopasuka huvuta hewa ndani bila kudondosha hata tone nje. Kauli ya "hakuna kinachovuja" haithibitishi chochote. Weka kipande cha mpira unaoonyesha ndani kati ya filta na pampu. Viputo vikipita mfululizo, lisha filta moja kwa moja kutoka dumu la lita 5 la dizeli safi, bila abiria ndani (mpira wa kurudisha dizeli ukibaki tangini, dumu litaisha haraka). Viputo vikikoma, kosa liko kati ya tangi na filta. Visipokoma, angalia kichwa cha filta: mara nyingi ni mpira wa ndani wa pampu ya mkono uliochanika.

Gari inayowaka tena baada ya kupumzika kidogo ichunguzwe chujio la ndani ya tangi. Uchafu hunata hapo unapovutwa, na injini ikizima hudondoka chini. Fungua pia mfuniko wa tangi mara tu inapozima. Ukisikia hewa ikivutwa kwa nguvu, tundu la kupumulia limeziba. Maji utayaona ukimwaga dizeli ya chini ya filta kwenye chupa inayoonyesha ndani: hukaa chini.

Kwa Hiace za injini ya 2KD, ambayo dizeli yake huwa na presha kubwa sana, msilegeze mabomba ya presha injini ikiwaka. Dizeli ya humo hupenya ngozi. Ipimwe kwa mashine ya kusoma kodi za makosa. Kodi P0335 ni ya sensa ya krenki, mhimili mkuu unaozunguka ndani ya injini. P0087 ni presha ndogo ya dizeli, na hata hapo badilisha filta na tafuta upepo kabla ya kuilaumu pampu.

Wakati uchunguzi ukiendelea, dereva ajue kuwa injini ikizima, busta ya breki (kifaa kinachofanya breki iwe nyepesi kukanyaga) hubaki na nguvu ya kukanyaga mara moja au mbili tu. Akanyage mara moja, ashikilie, asikanyage-kanyage. Usukani nao utakuwa mzito.

Fundi wa dizeli,
Morogoro