Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Wazee wetu, ndugu wanachama, asalaam aleikum na hamjambo.

Mwaka huu chama chetu kimerekodi simulizi za wazee 14 hapa Jinja, Uganda, wengi wao wa mtaa wa Walukuba. Tulilenga 20. Kati ya 6 waliobaki, watatu tumewazika kabla hatujawafikia.

Nimesikiliza rekodi zote, lakini moja nimeirudia mara nyingi. Kijana wetu alimuuliza bibi mmoja, kama fomu ilivyosema, "Ulizaliwa mwaka gani?" Bibi akasema hajui, akanyamaza. Karibu dakika nzima unasikia jogoo tu. Kijana akaiweka fomu kando: "Bibi, asubuhi ukiamka mlikuwa mnasikia nini?" Bibi akavuta pumzi, akanguruma kifuani, mngurumo mrefu. Hayo ni maporomoko ya Ripon ya mto Nile, yaliyozama bwawa la Owen Falls lilipokamilika mwaka 1954. Kisha akacheka, akasema maji yalipotulia mama yake alikuwa hapati usingizi kwa kimya kile. Mngurumo ule ningeuandikaje kwa kalamu?

Basi swali la mwaka tumeliondoa mwanzoni. Mzee umuulize alikuwa wapi Wahindi walipofukuzwa mwaka 1972, au sifuri mbili zilipokatwa kwenye shilingi mwaka 1987. Miaka utaihesabu mwenyewe nyumbani.

Kuhusu utunzaji, nianze na aibu yangu. Mwaka 2009 nilimrekodi babu yangu, askari wa Keya (KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki) aliyepigana Burma. Nakala ilikuwa moja tu, ndani ya simu, na simu ikaibiwa kwenye teksi. Babu hayupo tena. Ndiyo maana namsumbua kila anayerekodi: siku hiyohiyo iingie kwenye flashi ya chama na kompyuta ya katibu. Na mwanzoni itamkwe nani anasema, wapi, tarehe gani, na kama ameridhia. Mzee mmoja ameomba habari zake za 1979, mwaka Amin alipopinduliwa, zisisikilizwe maadamu dada yake yu hai. Tumezifungia.

Msirekodi mvua ikinyesha. Bati letu mnalijua.

Hesabu atazisoma mhazini. Fedha nyingi zimekwenda kwenye nauli za boda na sukari ya chai; anayelalamikia sukari ajaribu kumhoji mzee kwa chai isiyo na sukari.

Mwenye mzee nyumbani amwandikishe kwa katibu kabla ya chakula. Daftari liko mlangoni, na safari ya kwanza ni Jumamosi hii.