Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwanza

Ndugu Makamu Mwenyekiti, Ndugu Katibu, Ndugu Mweka Hazina, wajumbe wa Kamati Tendaji na ndugu wanachama mliofika, nawasalimu kwa salamu zetu zote: Asalaam aleikum, Tumsifu Yesu Kristo, Bwana Yesu asifiwe. Tumshukuru Mungu kwa kutufikisha mwisho wa mwaka tukiwa wazima. Wenzetu waliofiwa na waliougua nawapa pole kwa niaba ya chama chetu cha wapenda konokono.

Shughuli za kawaida mnazijua, sitazirefusha. Tulitembelea ufukwe wa Luchelele na Kayenze kuangalia konokono wa ziwani, kwa gambuti na glavu kama kawaida yetu kwa sababu ya kichocho. Tulifundisha wanafunzi wa klabu ya mazingira wa sekondari moja ya Ilemela. Jioni za picha ziliendelea. Wanachama waliokwenda pwani kikazi au likizo walituletea picha za konokono wa baharini wasio na gamba kutoka Kigamboni, Tanga, Mafia na Unguja, na nyingine zilikuwa nzuri sana. Mwongozo wetu wa utambuzi ulichapishwa. Niliuandika mimi, usiku baada ya kazi, bila posho, na nasema hivyo kwa sababu kuna waliouliza chama kilinilipa kiasi gani. Chama kililipia karatasi na wino wa mchapaji tu.

Upande wa fedha, Mweka Hazina atasoma hesabu zake, lakini kwa jumla hali ndiyo hii: tulianza na bakaa ya shilingi 115,000, ada zilizokusanywa ni 920,000, ukumbi 240,000, kukodi projekta 150,000, uchapaji wa mwongozo 310,000, msaada wa nauli kwa wanafunzi wawili waliokwenda Tanga 180,000, tumebaki na 155,000. Daftari la wanachama lina majina 58. Waliolipa ada ya 40,000 ni 23. Waliobaki, ndugu zangu, wanadaiwa jumla ya shilingi 1,400,000, na baadhi yao ndio wenye sauti kubwa kuliko wote kwenye kundi letu la WhatsApp. Simtaji mtu. Elfu arobaini kwa mwaka haifiki elfu nne kwa mwezi. Mwenye shida ya kweli aje tuzungumze kama tulivyozungumza na wengine, lakini kunyamaza mwaka mzima halafu kudai nakala ya mwongozo bure si haki kwa waliolipa.

Mahudhurio yamenisikitisha zaidi ya fedha. Katiba yetu inataka theluthi moja ya wanachama ili mkutano mkuu wa katikati ya mwaka uwe halali, maana yake watu 20. Agosti tulikuwa 11. Tuliandaa viti, tuliandaa chai, mtoa mada mgeni alitoka Bugando kwa boda wakati wa mvua akaja kuzungumza na viti. Nilisubiri, Katibu akapiga simu, wengine wakasema wako njiani, na mpaka tunafunga mlango hawakufika. Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu ndilo lililozaa lawama zinazonielekea leo, kwamba nafuta kazi za watu. Ajenda ya tatu ya mkutano ule ilikuwa kanuni mpya za daftari la kumbukumbu, lile tunaloandika konokono waliopigwa picha na wanachama. Akidi haikutimia, hivyo ajenda ikarudi kwenye Kamati Tendaji, na katiba inaipa kamati mamlaka ya kuamua masuala ya kitaalamu. Kamati ikaamua. Anayesema mwenyekiti aliamua peke yake chumbani kwake asome muhtasari, una saini za wajumbe wote.

Uamuzi wenyewe ni kwamba kuanzia Septemba jina kamili la spishi ya konokono wa baharini haliandikwi kwenye daftari la chama kwa picha ya mgongo peke yake. Tunataka kuona pembe mbili za kichwani anazonusia, matamvua anayopumulia, ukingo wa mwili kwa ubavu, na wayo anaotambalia. Kama alikutwa juu ya chakula chake, chakula nacho kipigwe picha. Asiye na hivyo anaandikiwa jenasi, yaani kundi la spishi za karibu, au familia, kundi lililo kubwa zaidi, na tarehe na mahali vinabaki na jina lake linabaki. Kisha kamati ikapitia maingizo yote ya nyuma, 96. Yaliyobaki kama yalivyokuwa ni 46, yaliyoshushwa hadi jenasi ni 41, yaliyoondolewa ni 9. Hayo 9 hayakuwa konokono kabisa: mengi yalikuwa minyoo bapa, na mawili watoto wa jongoo bahari.

Hapo ndipo moto ulipowaka. Wanachama wawili wamejitoa kwenye kundi, mmoja ameandika kwamba "mwenyekiti anafuta kazi za watu". Naomba mnisikilize kwa utulivu, kwa sababu jambo hili nimelibeba miezi yote hii na sijapata nafasi ya kulieleza mbele ya watu.

Chukueni picha iliyoleta ugomvi mkubwa kuliko zote. Mwanachama wetu mwandamizi, mwalimu ninayemheshimu, alimkuta konokono Kigamboni wakati wa bamvua, maji yametoka mbali, kwenye kidimbwi cha mwamba. Mgongo mweusi, matuta ya buluu iliyopauka yamepita kwa urefu, na juu ya matuta vinundu vya manjano kama punje za mahindi. Kila kitabu cha picha kitakuambia huyo ni Phyllidia varicosa, yule aliyepewa jina na Lamarck mwaka 1801. Lakini yuko ndugu yake, Phyllidia coelestis, mwenye rangi hizo hizo. Ukimgeuza varicosa, wayo wake una mstari mweusi katikati. Coelestis hana. Picha tano za mwalimu zote zimepigwa kutoka juu. Sasa mwenyekiti afanye nini? Nilimwandikia "Phyllidia" peke yake, na nikampigia simu kabla ya kuandika. Sikufuta kazi yake. Nilizuia chama kisiseme jambo ambalo picha haikulisema.

Na hao watoto wa jongoo bahari, walioandikwa nao kuwa Phyllidia, waliingia kwa mlango huo huo. Phyllidia ana sumu. Ukimweka kwenye tangi dogo la samaki anaweza kuwaua wote. Samaki wa mwambani wanamkwepa. Jongoo bahari aitwaye Pearsonothuria graeffei, akiwa mchanga, huvaa rangi za Phyllidia na kutambaa mchana kweupe kwa usalama huo. Kwa mtu anayetazama rangi tu, hana tofauti. Anayetazama kichwa anaona hakuna pembe mbili, na mdomoni kuna minyiri ya kulia chakula. Minyoo bapa ni hivyo hivyo: mwembamba kama anapeperuka, rangi za kupendeza, kingo za mbele amezikunja zikafanana na pembe, lakini matamvua hana kabisa. Mtu akaniambia: mbona hata Phyllidia matamvua hayaonekani mgongoni? Ni kweli. Ya Phyllidia yamejificha chini ya ukingo wa mwili, ndiyo maana nikasema picha ya chini ni lazima. Wale wenye shada la matamvua mgongoni karibu na mkia ni kundi la akina Chromodoris na Hexabranchus. Na wale wenye vidole vingi mgongoni, vile vidole si matamvua ya shada. Ndani yake limepita tawi la tumbo, na kwenye ncha wanahifadhi seli za kuchoma walizozila kutoka kwa mawindo yao. Haya yote yako kwenye mwongozo, ukurasa wa nne, kwa waliolipa na waliousoma.

Tukija kwa Chromodoris, ambao ndio wengi kwenye yale 41, ubishi ni mkubwa zaidi kwa sababu ni wazuri na kila mtu anawataka. Chromodoris africana na Chromodoris quadricolor wote wana mistari myeusi, ukingo wa rangi ya chungwa, pembe za chungwa na matamvua ya chungwa. Hazikufanana kwa bahati. Wanakula sifongo, wanachukua sumu kutoka humo na kuihifadhi mwilini, na spishi zenye sumu zikivaa sare moja samaki anajifunza mara moja na wote wananufaika. Mwaka 2018 Layton, Gosliner na Wilson walichapisha utafiti wa vinasaba wa jenasi hii, ukaonyesha kwamba spishi moja inaweza kuwa na mitindo tofauti ya rangi, na spishi tofauti zinazoishi pamoja zikafanana. Kama maabara zenye mashine zimenyoosha mikono mbele ya rangi, sisi wa Mwanza wenye simu za mkononi tunajiamini kwa lipi?

Wapo wanaosema nimejitungia ugumu. Ugumu huu si wangu, ni wa zamani. Jina la Chromodoris africana lilitolewa mwaka 1904 na Sir Charles Eliot. Huyu ndiye aliyekuwa Kamishna wa Himaya ya Uingereza ya Afrika Mashariki kuanzia 1900 mpaka 1904, mtawala aliyekuwapo reli ilipofika Kisumu, ziwa letu hili hili, mwaka 1901. Siasa zake ni habari nyingine na wenzetu wa Kenya wana mengi ya kusema juu ya ardhi yao. Lakini konokono aliwachunguza kweli. Wengi aliowaeleza kwenye maandishi yake walikusanywa Zanzibar na pwani na Cyril Crossland mwaka 1901 na 1902. Konokono akikaa kwenye spiriti rangi hupotea. Kwa hiyo ilibidi kupasua, kuhesabu meno ya ulimi, kupima matamvua. Kazi hiyo imedumu zaidi ya miaka mia moja kwa sababu haikusimama juu ya rangi peke yake.

Hata majina yenyewe hayakai. Mwaka 2012 Johnson na Gosliner waliipanga upya familia nzima ya akina Chromodoris, na konokono kama yule tuliyemwandika Chromodoris geminus akahamia jenasi ya Goniobranchus. Ilibidi mtu akae arekebishe daftari letu, mstari kwa mstari. Mtu huyo nilikuwa mimi. Daftari lililojaa picha kamili linarekebishika; lenye majina matupu na picha za mgongo linabaki la kutupwa.

Swali jingine limeulizwa na vijana: mbona kwa konokono wa ziwani hatubishani? Kwa sababu pale mlikubali nidhamu siku nyingi. Bulinus, anayebeba kichocho cha mkojo, mkimshika ncha juu mdomo wa gamba uko kushoto. Lanistes naye mdomo uko kushoto, lakini ana kifuniko na Bulinus hana. Biomphalaria wa kichocho cha tumbo amejiviringa bapa. Hakuna mwanachama anayeandika Bulinus bila kutazama kifuniko, na hakuna aliyenuna alipoambiwa arudi kutazama tena. Nidhamu ile ile ndiyo ninayoiomba kwa wa baharini.

Kuhusu kumgeuza mnyama, nimeulizwa kama tunahimiza watu kuwasumbua. Hapana. Ndani ya hifadhi, iwe Mafia au Chumbe, kushika hakuruhusiwi, na huko jenasi inatosha. Nje ya hifadhi, chukua chombo cha plastiki angavu, jaza maji ya kidimbwi kile kile, muache atambae ukutani, piga picha ya wayo kwa nje, mrudishe palepale haraka kabla jua halijayapasha maji. Jiwe ulilolifunua ulirudishe lilivyokaa, kwa sababu mayai na sifongo vilivyo chini yake vitakufa juani. Wanafunzi wetu waliokwenda Tanga walifanya hivyo na wakaleta varicosa wa kwanza mwenye ushahidi kamili kwenye daftari letu, mstari mweusi unaonekana wazi. Nawapongeza, na nampongeza pia aliyewafundisha kabla hawajaondoka.

Kamati haitarudisha majina yale 41 kwa kelele. Itayarudisha kwa picha, na mwanachama yeyote mwenye picha za ziada kwenye simu ya zamani azilete, tutazipitia siku hiyo hiyo. Waliojitoa kwenye kundi mlango uko wazi, na mwalimu wetu nimemwomba mara kadhaa arudi. Nafasi yake haijachukuliwa na mtu.

Kwa mwaka ujao tunatarajia, Mungu akipenda, kuandaa safari ya pamoja ya pwani wakati wa bamvua, kupata projekta yetu wenyewe, na kuzungumza na taasisi za utafiti zilizopo hapa mjini kuona kama zinaweza kutusaidia hadubini ya zamani. Kuna wazo pia la kuchapisha mwongozo kwa rangi, hali ya fedha ikiruhusu. Tarehe zitatangazwa.

Uchaguzi wa viongozi ni ajenda ya sita. Nitagombea tena. Waliolipa ada ndio watakaopiga kura, kwa mujibu wa katiba, na Mweka Hazina amekaa pale karibu na mlango na kitabu cha stakabadhi kwa anayetaka kulipa kabla ya ajenda hiyo.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti