Hata hamri ni mmea, somo

Tanga, Jumapili usiku

Somo yangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Mara ya kwanza nilisikia kilio tu, mara ya pili ndipo nikasikia kuwa umekutwa na kisukari, na sukari yako ni 14. Pole sana. Mimi siku ya kwanza nilikutwa na 16 asubuhi kabla sijatia kitu mdomoni, kwa hiyo hapo wewe ni mdogo wangu.

Unauliza kama ni kweli nimeacha nyama na samaki. Ni kweli, mwaka wa pili huu. Ila usimuage mwenye bucha kabla sijakusimulia nilivyojiharibia mwezi wa kwanza. Niliacha nyama, nikajiona nimemaliza kazi. Asubuhi mahamri na mbaazi za nazi, mchana mlima wa ugali wa sembe na maharage ya kuonjea, jioni mihogo ya kukaanga, na juisi ya embe juu yake, eti ni tunda. Hakuna hata kimoja kilichotoka kwa mnyama, na sukari ikapanda! Muuguzi wa kliniki alicheka mpaka akavua miwani: "Mama, hata sukari yenyewe inatoka kwenye muwa."

Basi nikaipindua sahani. Mboga ndiyo inayokaa nusu nzima: matembele, mchicha, bamia, nyanya chungu. Kunde, choroko (pojo zenu) au dengu robo. Dona inabaki hiyo robo ya mwisho, na nyuzinyuzi zake husaidia chakula kisigeuke sukari kwa pupa. Nikipima saa mbili baada ya kula sahani ile ya zamani napata 13; hii mpya, 8 na ushei. Nazi sijaiacha, mimi ni mtu wa Tanga, lakini tui zito nimelisamehe, natumia jepesi tu. Matunda nayatafuna, siyanywi.

Kijana wangu alinisomea utafiti wa Marekani wa mwaka 2006, wa Dk. Neal Barnard na wenzake. Watu 99 wenye kisukari cha aina ya pili, wiki 22. Kundi moja lilikula mimea mitupu yenye mafuta kidogo, na 43 kati ya kila 100 wakapunguziwa dawa. Kundi lililofuata mlo wa kawaida wa wagonjwa wa kisukari lilipata 26. Unaona? Hata hao wa pili walifaidika, kwa hiyo ukishindwa kuacha changu wa kupaka usijione umepotea.

Sasa hili lisikilize vizuri. Nilibadili chakula, vidonge nikaendelea kuvimeza vilevile, bila kumwambia daktari. Siku moja nikiwa soko la Mgandini jasho likanitoka kama nimemwagiwa maji, mikono inatetemeka, ulimi mzito. Muuza nyanya akanikalisha kwenye ndoo, akanikorogea maji ya sukari. Baada ya kunywa ndipo nilipopima, na bado sukari ilikuwa chini, 3.6. Kumbe metformini peke yake si rahisi kukuangusha hivyo, ila kile kidonge changu cha pili, glibenklamaidi, hulisukuma kongosho litoe insulini hata kama umekula kidogo. Kikapunguzwa, baadaye nikaachishwa. Kwa hiyo anzia kwa daktari, jikoni baadaye.

Na umuulize pia vitamini B12. Kwenye mimea haipo, na metformini ikitumiwa miaka mingi huipunguza mwilini. Miguu yangu ilianza kuchomachoma usiku, nikadhani ni sukari tu. Nilipopimwa ikaonekana na hiyo imepungua, nikaandikiwa.

Kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu (HbA1c) kilianzia asilimia 10.2, mara ya mwisho kilikuwa 6.9. Metformini bado nameza.

Kilichonishinda hasa ni watu. Kwenye shughuli nikikataa pilau ya nyama naonekana nimeingia dini mpya. Wifi yangu aliuliza kwa sauti, mbele ya wageni, kama kaka yake siku hizi hanipi hela ya kitoweo. Nikamwambia anaipeleka kwake. Kimya kikatanda, tukala.

Harusi ya mwanao nakuja inshallah, nitavuka Horohoro Alhamisi. Dona nitabeba yangu. Wewe nipikie pojo, na mahamri usiyafiche nikifika: nitakula moja, kipima sukari kiko mkobani, tupime wote wawili.

Ni mimi somo yako