Brashi ya babu yako na kicha kipya cha nywele

Mwanangu mpendwa,

Nakusalimu kwa mapenzi mengi. Mimi sijambo, wasiwasi ni juu yako wewe uliye mbali na macho yangu. Barua yako niliipokea, na miongoni mwa habari zote ulizoniandikia nimeisoma mara mbili ile ya brashi ya kunyolea ya marehemu babu yako, kwamba kila unapoichovya majini inakuachia nywele kumi au kumi na tano ndani ya povu, kwamba katikati imeota upara, na kwamba ulikuwa karibu kuitupa ukaona kwanza uniulize. Umefanya vyema kuuliza. Kilichokufa katika brashi hiyo ni nywele tu, na nywele za brashi ni kama soli ya kiatu, aliyeziweka alijua kwamba siku moja zitakwisha. Mpini ungali mzima. Ninataka uutoe mzizi wa nywele hizo kuukuu na kuweka kicha kipya kwa mikono yako mwenyewe. Kazi yenyewe si kubwa, ila ni rahisi kuiharibu, na mimi nimekwisha kuiharibu kwa namna mbili ambazo nitakusimulia usije ukazirudia.

Kuanzia leo, usiipake tena usoni. Babu yako aliipata brashi hiyo ikiwa tayari imetumiwa na mtu mwingine, kwa hiyo umri wake hatuujui, na brashi za zamani zina historia moja mbaya. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia nywele za beja, yule mnyama wa nchi za baridi mwenye mistari myeusi na myeupe kichwani, ziliadimika, na watengenezaji wakageukia nywele za farasi ambazo walizipaka rangi ili zifanane na za beja. Kwa kuwa vita vilikuwa vimevuruga njia ambazo nywele hizo zilipitia ili kusafishwa, nyingine zilifika viwandani zikiwa na kimeta, ule ugonjwa hatari wa mifugo unaowapata hata watu. Kati ya mwaka 1915 na 1924 wanaume wa Marekani na Uingereza, wengi wao wakiwa askari, waliugua kimeta kutokana na brashi zao za kunyolea, kwani ugonjwa uliingia palepale wembe ulipokuwa umekwaruza ngozi. Mwaka 1920 Uingereza ilipiga marufuku uingizaji wa brashi za kunyolea kutoka Japani kwa sababu hiyo. Spora za kimeta, yaani vijidudu vyake vikiwa vimejifungia ndani ya ganda gumu, huweza kukaa miongo mingi bila kufa. Sikuambii haya ili uogope, maana uwezekano wa brashi yako kuwa miongoni mwa hizo ni mdogo sana, bali nataka uelewe kwa nini nakusihi usizichane wala kuzipiga msasa nywele hizo zikiwa kavu. Vaa glavu na barakoa, zilowanishe vizuri, zikate kwa mkasi hadi usawa wa mdomo wa mpini, kisha zifunge ndani ya mfuko na kuzitupa.

Kabla ya kugusa chombo kingine chochote, ujue mpini umetengenezwa kwa kitu gani. Usugue kwa kidole gumba mpaka upate joto, kisha unuse haraka. Ukisikia harufu ya kafuri, hiyo ni seluloidi, plastiki ya kale ambayo John Wesley Hyatt wa Marekani aliipatia hataza mwaka 1870, na kafuri ni sehemu ya mchanganyiko wake. Seluloidi hushika moto upesi kama karatasi, hivyo usiitie kwenye mvuke, usiisogeze karibu na mshumaa, na usiitoboe kwa mashine yenye kasi, kwa sababu hata joto la msuguano laweza kuilainisha au kuiwasha. Ukisikia harufu kali inayofanana na ya fomalini, basi ni bakelaiti, plastiki ngumu aliyoibuni Leo Baekeland mwaka 1907, au ndugu yake wa baadaye anayemiminwa kwenye kalibu akiwa na rangi za kupendeza. Hiyo haiwaki kirahisi, ila ni ngumu na hupasuka kama kigae ikibanwa vibaya, na vumbi lake si la kuvutwa puani. Ikiwa hakuna harufu yoyote, huenda ni plastiki ya miaka ya karibuni, na hapo mambo ni mepesi.

Hapa ndipo lilipo kosa langu la kwanza. Zamani, kabla hujazaliwa, nilinunua mpini mmoja wa huyo ndugu wa bakelaiti, wenye rangi ya asali iliyokolea, na mdomoni ulikuwa na mikwaruzo midogo. Nikachukua msasa laini na maji nikaanza kuusugua, na baada ya muda mfupi nikaona maji yanayodondoka yamekuwa ya manjano kama chai ya rangi. Nikafurahi, nikidhani kwamba ni uchafu unaotoka. Nilipoufuta kwa kitambaa nikakuta upande mmoja umekuwa mweupe wa maziwa na upande wa pili bado una rangi ya asali, kama mtu aliyepakwa chokaa nusu ya uso. Plastiki ile ilitoka kiwandani ikiwa nyeupe, na ile rangi nzuri niliyoipenda ilikuwa kazi ya mwanga na hewa kwa miaka mingi, nayo haikuwa nene kuliko ganda la yai. Nililazimika kuusugua mpini mzima ili ufanane, nikabaki na kitu kipya kisicho na haiba yoyote. Mpini wa babu yako uoshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni tu, ukitumia mswaki laini kwenye mifereji yake. Pale ubavuni palipolika kidogo kwa kidole chake, paache. Kama kuna herufi zilizochongwa na rangi yake imetoka, waweza kuzijaza rangi nyembamba kisha ukapangusa iliyozidi kabla haijakauka, lakini hilo ni pambo, na mimi nisingejisumbua nalo.

Sasa tuje kwenye shimo, ambalo ndilo kazi yenyewe. Ukishakata nywele kitabaki kisiki kigumu ndani ya mpini, yaani mizizi ya nywele iliyogandishwa kwa gundi, au kwa utomvu, au kwa mpira. Kampuni ya Rubberset ya Newark, nchini Marekani, ilijijengea jina kwa kushika nywele ndani ya mpira uliopikwa ukawa mgumu, na visiki vya namna hiyo mara nyingine hutoka kwa vipande vikubwa, lakini vya gundi hung'ang'ania. Funga mpini kwa kitambaa kizito, uubane kwenye jiliwa, kile chombo cha fundi cha kubania vitu, kwa kiasi cha kutosha kuuzuia usizunguke na si zaidi ya hapo, kisha toboa tundu dogo katikati ya kisiki kwa keekee ya mkono. Zungushia utepe kwenye ncha ya keekee mahali pa kina unachokusudia, ili utepe ukigusa mdomo wa mpini ujue umefika. Toboa matundu mengine kulizunguka lile la kwanza, halafu uyaunganishe kwa tindo ndogo, ukichokoa kutoka katikati kwenda pembeni, na mwisho usafishe ukuta wa shimo kwa msasa uliouviringisha kwenye kijiti, ukilowanisha kila mara. Fanya kwa dakika kumi, pumzisha mkono, uguse mpini kama umepata joto, kisha uendelee. Mimi niliwahi kuwa na haraka, nikatumia mashine ya umeme kwenye mpini mwingine, na kufumba na kufumbua ncha ikazama hadi ndani kwenye uwazi, kwa sababu sikujua kwamba mipini mingi ya zamani ni mitupu katikati. Ugonge kwanza kwa ukucha usikilize mlio. Ukisikia mlio wa kitu kitupu, utahitaji kutengeneza sakafu ndani yake kwa kipande cha mti kilichokerezwa na kugandishwa kwa gundi isiyopitisha maji, ili kicha kipate pa kukaa.

Kuhusu kicha chenyewe, huuzwa kikiwa kimefungwa tayari na kugandishwa chini, na hutajwa kwa kipenyo cha shina lake kwa milimita, kama 20, 22, 24 au 26. Pima upana wa shimo ukishalisafisha, usipime kabla, na uchague kicha chembamba kuliko shimo kwa nusu milimita au milimita moja ili gundi ipate nafasi. Nywele za nguruwe ni nene, hunywa maji, na zinahitaji kulowekwa kwa dakika chache kabla ya kunyoa. Mwanzoni huchoma kama ufagio, lakini baada ya wiki kadhaa ncha zake hupasuka na kulainika, na kwa sabuni ngumu ya kipande hazina mpinzani. Za beja hushika maji mengi na ni laini tangu siku ya kwanza, ila majina ya madaraja wanayoziuzia hayana kipimo kimoja kinachofuatwa na wote, kwa hiyo daraja la juu la muuzaji mmoja laweza kuwa la kati kwa mwingine. Siku hizi kuna nyuzi za kutengenezwa viwandani ambazo wazee wenzangu huzidharau bila ya kuzijaribu. Nakushauri uchukue hizo. Hazinuki mnyama, hukauka upesi, hazihitaji kulowekwa, na kwa mtu anayefanya kazi hii kwa mara ya kwanza kuna faraja katika kujua kwamba akiharibu hajaharibu kitu cha thamani kubwa. Ukiamua kuchukua nywele za mnyama, zioshe mara mbili au tatu kwa shampuu na kuziacha zikauke kabisa kabla ya kuzigandisha, kwani gundi haishiki kwenye shina lenye unyevu.

Kina cha shimo ndicho kitakachoamua tabia ya brashi, na wengi hukipuuza. Tuseme kicha chako kina urefu wa milimita 66 kutoka kitako hadi ncha. Ukikizamisha milimita 15, zitabaki 51 nje, na kwa shina la milimita 24 hicho ni kipimo kizuri, yaani nywele hupinda usoni bila kulala. Ukizamisha milimita 10 tu, brashi itafunguka kama ua na kulegea, na utajikuta unasukuma povu badala ya kulisugua. Ukizamisha 22, itakuwa ngumu, nywele zitabanwa na mdomo wa mpini, na sabuni itajificha shinani isitoke hata usuuze vipi. Kiweke kicha humo bila gundi kwanza, ukishike kwa vidole mahali pake, ukipitishe kwenye kiganja na shavuni kikiwa kikavu. Shimo likiwa refu mno, weka vipande vyembamba vya plastiki chini yake mpaka uridhike. Shimo likiwa fupi, chokoa tena. Mimi huwa nafanya hivyo mara nne au tano, na sijawahi kujutia muda huo.

Gundi iwe ya epoksi, ile ya mirija miwili inayochanganywa, na iwe inayokauka polepole na si ile ya dakika tano, maana utahitaji muda wa kunyoosha. Wapo wanaotumia silikoni ili kicha kiweze kung'olewa siku za mbele, na sina ugomvi nao, lakini mimi hutia epoksi kidogo tu chini na mstari mwembamba ukutani. Ukizidisha, gundi itapanda kati ya nywele kama mafuta kwenye utambi, nazo zitaganda kuwa mti usiopinda. Bandika utepe kuzunguka mdomo wa mpini, shusha kicha huku ukikizungusha taratibu, kisha simamisha brashi mezani, inama mpaka macho yako yawe sawa nayo, na uizungushe robo kwa robo ukiilinganisha na ukingo wa dirisha au mlango. Kicha kilichoinama kidogo tu huonekana kila asubuhi. Ukiridhika, iache kwa saa 24 bila kuigusa. Siku za mwanzo itapoteza nywele mbili tatu zilizokuwa hazijashikwa, usishtuke. Na watu wakikuambia lazima uitundike kichwa chini ili ikauke, ikung'ute vizuri na uisimamishe mahali penye hewa, inatosha.

Ukishachimba shimo, niandikie kina chake na kipenyo chake kabla hujanunua kicha, na uniambie mpini umenuka nini uliposugua. Mimi nakumbuka harufu ya kafuri mikononi mwa babu yako, lakini yawezekana ni ya sabuni yake.

Ni mimi baba yako akupendaye.