Mtangazeni bundi wa Sokoke, lakini si tawi lake

Mhariri,

Kuna msomaji aliyelalamika katika ukurasa huu kwamba sisi tunaoongoza wageni kwenye msitu wa Arabuko-Sokoke, hapa Kilifi, tunamficha yule bundi mdogo wa Sokoke ili mtu asimwone bila kutoa pesa. Alikuta picha ya ndege huyo kwenye kundi la WhatsApp la watazamaji wa ndege, akaomba lokesheni, akaambiwa aje Gede atafute mwongozaji. Akachukia. Kama ndege ni wa Wakenya wote, anauliza, lokesheni ni siri ya nani?

Mimi ni mzaliwa wa Gede na kazi hii ndiyo inayowalisha wanangu, kwa hivyo asiyetaka kuniamini ana sababu yake. Ila aniruhusu nimweleze huko anakotaka kufikishwa na simu kukoje.

Bundi wa Sokoke ana uzito wa gramu 50 hivi, hata yai la kuku laweza kumshinda. Mchana halali pangoni wala kileleni mwa mti. Hujiingiza ndani ya kichaka kilichosongamana, mara nyingi si juu sana kupita kichwa cha mtu mzima, naye na mwenziwe hukaa wamebanana bega kwa bega. Kuna wa kijivu, kuna wa kahawia, na kuna wekundu wanaoshabihiana na udongo wa msitu upande wa Jilore. Ukimsogelea kupita kiasi hujinyoosha, akajikaza na kujifanya kigongo. Wageni hufurahi sana hapo, wakidhani anawapigia pozi! Yule ameogopa. Ukizidi kusogea ataruka, na mchana si wakati wake, vipanga wako macho.

Haya, sasa tuma lokesheni ya kichaka hicho kwa watu mia mbili. Wa kwanza huja kwa adabu. Wanaofuata huja Jumamosi kwa magari, kila mmoja na lenzi yake. Nimewahi kukuta kichaka ambacho matawi ya mbele yamekatwa kwa kisu ili picha itoke safi. Aliyekata sikumwona. Jozi iliyokuwa ikilala pale sikuikuta tena hapo, na kivuli chao kilikuwa kimegeuka dirisha.

Kuna na hawa wa kucheza sauti kwa simu. Dume akisikia sauti ya dume mwingine hudhani amevamiwa. Huacha kutafuta nyenje na mende wake, akaja kujibu, akatafuta adui asiyekuwepo. Mgeni mmoja akifanya hivyo dakika moja, sawa, usiku ni mrefu. Makundi yakipokezana mahali pamoja kila wiki, ndege huyo atakula saa ngapi? Jua likishazama, ukisimama barabarani ndani ya msitu ukanyamaza, mwenyewe ataita, tena mara kadhaa mfululizo. Tatizo ni kwamba kunyamaza kunawashinda wengi.

Jambo ambalo watu wa Nairobi hawalioni ni njia. Watu kumi wakipita kichakani, wameacha ujia. Ujia huo haubaki kuwa wa watazamaji wa ndege. Atautumia mwenye mitego ya paa, na atautumia anayekuja usiku kutafuta mti wa muhugu wa kuuzia wachonga vinyago. Msitu una kilomita za mraba 420 hivi, lakini bundi huyu hakai kote. Anataka ile sehemu ya miti iliyosongamana kwenye udongo mwekundu, na humo ndimo wakata miti nao wanamotaka kuingia.

Wataalamu walimtambulisha kwa jina la kisayansi mwaka 1966. Zaidi ya Pwani yetu hii, mahali pengine panapojulikana kuwa naye ni chini ya milima ya Usambara Mashariki, Tanzania, alikogunduliwa mwaka 1992. Duniani kote basi. Yumo katika orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka. Ndege wa namna hii hatumwelekezi mtu kama tunavyomwelekeza stendi ya matatu.

(Nyanya yangu angenicheka. Kwao bundi akilia karibu na nyumba alirushiwa kijinga cha moto, kesho yake watu wakaanza kuhesabu wagonjwa mtaani. Leo mjukuu wake anawaambia watu wamshushie bundi sauti.)

Simwambii mtu asiseme alichokiona. Ukimwona, sema! Nchini tuna mradi wa Kenya Bird Map, ambao umeigawa ramani katika miraba ya kilomita 9 hivi kila upande, na mtu huandika ndege aliowaona ndani ya mraba. Hilo latosha kabisa. Linaonyesha bundi bado yupo, na siku mtu akija na mpango wa kumega msitu, kuna rekodi ya kumwekea mezani. Picha pia tuma, lakini uandike "Arabuko-Sokoke" ukomee hapo, na uhakikishe simu haijabandika mahali na saa ndani ya faili la picha. Wengi hawajui kwamba simu yaweza kufanya hivyo yenyewe.

Sasa pesa. Ndiyo, mwongozaji hulipwa. Jozi inayolala hapa leo kesho yaweza kuwa imehamia kichaka kingine, na kuna mtu anayeamka alfajiri kwenda kuitafuta kabla wewe hujafika. Lakini pia nimwombe ndugu yetu atazame upana wa jambo hili. Watoto wa vijiji vinavyozunguka msitu wamesomeshwa sekondari kwa mpango wa kulipia karo uitwao ASSETS, ulioanzishwa na shirika la uhifadhi la A Rocha Kenya mwaka 2001, na sehemu ya fedha zake hutoka kwa wageni wanaotembea kwenye daraja la mikoko pale hori ya Mida. Mzazi ambaye mwanawe amelipiwa karo hivyo humwona mkata muhugu kwa jicho jingine. Mgeni akishuka kwenye gari na lokesheni mkononi, akapiga picha na kurudi Watamu, hakuna mzazi wa kijiji cha Mijomboni aliyejua kwamba alikuja.

Pia kuna ndovu mle ndani. Lokesheni haitakuambia wako wapi asubuhi hiyo.

Kwa hivyo namkaribisha ndugu aliyeandika. Apitie ofisi ya msitu pale Gede, aombe mwongozaji, na aseme mapema kwamba anamtaka bundi ili atafutiwe kabla jua halijapanda. Aache spika nyumbani, na avae viatu vilivyofunika vidole, siafu wa mle ndani hawaulizi mtu ametoka kaunti gani.

Mwongoza wageni,
Gede, Kaunti ya Kilifi