Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama wa ushirika wetu wa sala wa madhehebu mbalimbali, Tumsifu Yesu Kristo! Bwana Yesu asifiwe! Nimetoa salamu zote mbili makusudi, maana mwaka jana nilitoa moja tu nikapigiwa simu hadi usiku.

Shughuli za kawaida mnazijua: sala za kila mwezi, kutembelea wagonjwa, kwaya ya pamoja, na Juma la Kuombea Umoja wa Wakristo, Januari 18 hadi 25. Zote zilifanyika. Nisiwachoshe.

Niseme juu ya viti, kwa kuwa ndiyo habari ya pembeni mwaka mzima. Ni kweli, mimi ndiye niliyeamua tukae kwa kura, yaani kila mtu aokote kikaratasi chenye namba ya kiti chake. Vikaratasi nilivikata na kuviandika namba kwa mkono wangu. Kabla ya hapo tulikuja kuombea umoja huku kila dhehebu lina benchi lake, na mikoba imepangwa katikati kama mpaka. Siku ya kwanza ya kura, mama mmoja aliona namba yake imemwangukia kando ya mwenye rozari, akaomba kubadilishana na aliyemfuata. Naye wa pili alipochungulia kiti, akakirudisha kikaratasi. Niliona, nikanyamaza.

Wanaosema nimejipa madaraka wasome Yakobo 2, habari ya kupangiana viti, kisha Wagalatia 2, pale Petro alipojitenga na watu wa Mataifa mezani na Paulo akampinga waziwazi. Petro huyohuyo aliyekwisha kuingia nyumbani kwa Kornelio, mtu wa Mataifa! Sembuse sisi.

Mnasema mafundisho hayalingani. Sikusema yanalingana. Wakatoliki na Walutheri walitia saini Tamko la Pamoja kuhusu Kuhesabiwa Haki mwaka 1999, na hadi leo hawajaafikiana juu ya Meza ya Bwana. Lakini wanakaa na kuzungumza. Mwaka 1965 Papa Paulo VI na Patriaki Athenagoras wa Waorthodoksi walizifuta laana ambazo Roma na Konstantinopoli walitupiana mwaka 1054, miaka 911 kabla. Mtu ashindwe saa moja na nusu kando ya anayebatiza watoto? Anayewaita wenzake waabudu sanamu na anayewaita wenzake wapiga kelele, nimewauliza wote wawili: hakuna aliyewahi kukanyaga ibada ya mwenzake.

Sasa hesabu. Daftarini tuko 86. Waliolipa ada 31. Wanaohudhuria sala ya mwezi hawazidi 20, na nikisafiri hupungua. Waliosaini barua ya kunipinga 40, na katika hao waliolipa ada ni 9. Mweka hazina anayo majina, mimi sitayasoma.

Mwaka ujao, Mungu akipenda, tunatarajia kusoma Biblia pamoja majumbani, na pengine kubadilishana wahubiri. Kamati itaangalia.

Mlioingia leo kwa mlango wa nyuma, vikaratasi vyenu bado viko mezani kwa katibu.