Risala ya kikundi chetu cha wakulima wa karoti, Lushoto

Mheshimiwa mgeni rasmi, mwenyekiti wetu wa kijiji, wazee, wakulima wenzetu, asalaam aleikum, bwana asifiwe, shikamooni. Pole na kona za kutoka Mombo na karibu sana huku milimani.

Mheshimiwa, sisi tuko 22, wengi akina mama, tunalima karoti robo eka, nusu eka, mwenye eka nzima ni mmoja tu. Watu wanaijua karoti ikiwa sokoni imeoshwa inang'aa, shughuli yake hawaijui. Karoti haina kitalu kama kabichi, ukiihamisha tu mzizi unapinda, kwahiyo mbegu inaenda moja kwa moja tutani na yenyewe ni ndogo jamani, upepo kidogo tu imepeperuka, sisi tunaichanganya na mchanga mkavu ndo tunaimwaga kwenye kimfereji cha kina kama sentimita 1 hivi, tunatandaza nyasi juu, tunamwagilia kila siku mpaka wiki ya pili unapoona vijani vyembamba kama nywele. Hapo ndo kazi ya magoti inaanza, kung'oa magugu kwa mkono na kupunguza miche mpaka kati ya mmoja na mwenzake vipite vidole vitatu. Mgongo unauma, ila ukiacha kupunguza utavuna vikaroti kama penseli.

Mwaka jana mwenzetu aliweka samadi mbichi akijua anaongeza rutuba, siku ya kung'oa karoti zikatoka na miguu miwili mitatu kama suruali, dalali hata hakuzigusa, mama wa watu akalia pale pale shambani. Toka siku ile samadi tunailundika mpaka ioze kabisa, na mawe tunayaokota kabla ya kupanda maana jiwe nalo linagawa mzizi vilevile.

Miezi mitatu na kitu mzigo uko tayari, na hapo ndo kilio chetu kilipo mheshimiwa. Karoti ukiichelewesha ardhini inapasuka na kukomaa katikati, ukishaing'oa inasinyaa, dalali analijua hilo. Anakuja na gunia lake linajazwa mpaka mdomoni halafu linashonewa kilemba juu, lumbesa ile ile iliyopigwa marufuku, na analipa bei ya gunia moja. Mzani hatuna, tutabishana naye kwa kipi?

Tunaomba vitu viwili tu. Mzani wa kijiji ukae hapa ofisini kila mtu aone kilo zake, na karo la kuoshea karoti lenye maji ya bomba, maana saizi tunaoshea mtoni na wenzetu wa chini wanachota humo humo maji ya kunywa, roho inatuuma.

Tumekuwekea mfuko wa karoti, zimeng'olewa leo alfajiri, majani tumeyaacha uone zilivyo fresh. Ukifika nyumbani mwambie mama ayakate mapema, yanainyonya maji karoti inalegea.

Naomba kuwasilisha.